Meza ya Mkulo na Tundu la Moshi

Sehemu ya Saba

Ndiyo, ilifika nzima. Wiki iliyopita mliniacha nyuma ya lori la Fuso, nimeikumbatia meza yangu kwenye kona za kupanda Suji, na najua wengine mmeshinda mkijiuliza kama iliteleza ikatumbukia korongoni. Haikutumbukia. Ingetumbukia, leo ningekuwa mtu mwenye raha zangu.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Redempta, fundi seremala, karakana yangu ipo Same mjini. Nimezaliwa kambini kwenye shamba la mkonge. Baba alitoka Kigoma, mama Singida, na wote wawili wamezikwa kwenye makaburi ya kambi. Mume wangu wa kwanza aliuza randa zangu akatokomea. Karakana ya kwanza iliungua. Nikaanza upya kwa mbao ambazo mafundi wenzangu wanapikia chai: milango ya nyumba zilizobomolewa, mabenchi yaliyovunjika, miti iliyong'olewa na upepo. Mti uliosimama sikati, na mbao ya kuiba msituni haivuki mlango wangu.

Nina mtindo wangu pia. Sifichi makovu ya mbao. Palipokuwa na tundu naziba kwa mbao ya rangi nyingine ili lionekane. Palipolika naacha palivyo. Kibao changu kimeandikwa MBAO HAINA AIBU, na wateja wanakipiga picha.

Basi nikapata mchumba, Eliufoo, mtu wa Suji mwenye duka la vipuri vya pikipiki hapo Same. Mpole, msafi, ananiita Fundi. Mama yake hakunitaka tangu siku ya kwanza. Aliniangalia viganja akaniuliza kama nilikuwa dereva wa lori. Kisha akatoa sharti lake.

"Kama kweli ni fundi, anitengenezee meza ya mkulo kama ile ya baba yangu. Siku nikila chakula juu yake, ndiyo nitamwita mkwe."

Mkulo ni ule mti wa milimani unaonukia kama dawa ya kuchua kifua. Kuukata ni marufuku, na mama yule alijua mimi sikati. Alinitegea mtego kweupe. Ni Eliufoo aliyeniokoa. Alipanda kwao, akarudi na mbao za mkulo za zamani, pana, nzito, zimekuwa nyeusi.

"Ni dari la jiko la babu," aliniambia. "Mahindi yalikuwa yanakaa juu, moto unawaka chini."

Mbao mbili zilikuwa zimekatwa nusu duara kila moja. Ukiziweka pamoja unapata duara kamili.

"Na hapa?"

"Tundu la moshi, Fundi. Unapanda kukausha mahindi."

Nilipopitisha randa, harufu ya mkulo ilijaa karakana nzima mpaka jirani akaja kuuliza ninachemsha nini. Lile duara nililiziba kwa mfenesi, mbao ya manjano, nikaliweka katikati kabisa ya meza. Pande zake mbili palikuwa pamelika, pameingia ndani kidogo, pamekuwa laini. Nikaona ni mahali wanawake waliposimama darini wakipokea vikapu. Nikapaacha hivyo hivyo, nikapapaka mafuta tu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimoja. Nilitaka nikiulizwa kwetu ni wapi, niwe na pa kutaja.

Sasa tuendelee.

Ukoo ulikuwa umejaa sebuleni kwa mama mkwe. Wanaume wanne waliiingiza meza, na wote waliokaa wakasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu akiiangalia meza, si mimi.

Aliizunguka. Akaipapasa. Akainusa. Nilimwona akimeza mate, na mimi nikajua nimeshinda.

"Ni mkulo kweli," akasema kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Mzee Melkizedeki, baba mdogo wa Eliufoo na msemaji wa ukoo, aliinamia lile duara la manjano. "Na hapa katikati, binti, ni urembo?"

Kiburi kikanipanda kichwani. Nikajibu kwa sauti ili hata waliokuwa barazani wasikie.

"Hapana mzee. Hilo ndilo tundu lililopitisha moshi wa kukaushia mahindi ya babu zenu. Sikutaka kulificha. Nimelileta mezani ili mle mkiwakumbuka."

Watu wakaguna kwa furaha. Mama mmoja akafuta machozi. Mzee Melkizedeki akachukua Biblia yake, akaiweka juu ya duara lenyewe, akaomba maombi marefu yaliyotaja marehemu wote. Alipomaliza, makande ya mahindi na maharage yakaletwa. Bakuli la mama mkwe likawekwa kwenye sehemu moja iliyolika, la Mzee Melkizedeki kwenye ya pili. Yalikaa vizuri mno, hayakutikisika.

Mama mkwe akala kijiko cha kwanza. Akala cha pili. Akaniangalia.

"Mkwe," akasema, "mbona umesimama? Kaa ule."

Nilikaa. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Eliufoo alinibinya goti chini ya meza, na mkono wake ulikuwa na jasho. Nilidhani ni furaha.

Pembeni yangu alikaa Bibi Rahabu, shangazi wa marehemu baba yake Eliufoo. Bibi huyu macho yamemwishia, lakini yeye ndiye pekee aliyebaki kati ya waliozaliwa kwenye mji wa zamani wa ukoo, kule bondeni ambako siku hizi hakai mtu. Alikuwa anapapasa kutafuta bakuli lake. Vidole vyake vikaingia kwenye ile sehemu iliyolika upande wa kwanza. Vikatulia. Vikavuka duara, vikaingia upande wa pili. Bibi akaacha kutafuna.

"Nani kaweka nyayo mezani?"

Watu wakacheka.

"Si nyayo, bibi," nikamwambia. "Ni mbao imelika, ya zamani hiyo."

"Najua imelika. Mmoja wa walioila ni mimi." Akarudisha vidole katikati. "Na hapa palikuwa na tundu. Mmeliziba?"

"Nimeliziba bibi. Ni tundu la moshi."

"Moshi?" Bibi Rahabu alicheka mpaka akakohoa. "Weee! Hapo hapajawahi kupita moshi hata siku moja. Hiki ni choo cha baba yangu! Mguu huku, mguu huku. Nimechuchumaa hapa tangu nilipoanza kutembea mpaka nilipoolewa. Hizi nyayo ningezijua hata nikiwa nimekufa."



Mzee Melkizedeki aliivuta Biblia yake kwa vidole viwili. Mtu mmoja alitoka mbio akiwa ameziba mdomo, tukamsikia akitapika kwenye migomba. Mwingine akamfuata. Nikasema haiwezekani, bibi amechanganya, mzee huyu jamani. Lakini jirani aliyekuja kusaidia kupika, Salha, alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, na uso wake ukanijibu kabla ya mdomo.

"Na kweli," alisema. "Juzi juzi nilishuka kule bondeni kukata majani, nikakuta choo kimefunuliwa. Limebaki shimo tupu. Nikatupia miiba mbuzi wasije wakatumbukia."

Mama mkwe hakutapika. Aliweka kijiko chini taratibu, akafuta midomo kwa pindo la kanga, akaniangalia, halafu akatabasamu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilimvuta Eliufoo nje, nyuma ya simtanki la maji.

"Ulijua?"

"Fundi, nisikilize kwanza."

"Eliufoo, ulijua?"

Aliangalia viatu vyake. "Dari la babu lilikuwa limeliwa na mchwa. Nilifika nikakuta vumbi. Mkulo uliobaki ni ule tu. Nikazisugua kwa sabuni na brashi kule mtoni, nikazianika juani. Hazikuwa zinanuka."

"Hazikuwa zinanuka!"

"Kile choo hakijatumika tangu niko shule ya msingi. Na wewe si ndiye unayesema mbao haina aibu? Nikaona hutajali."

Nilimzaba kofi. Nalisema waziwazi na silijutii.

Angeniambia ukweli, ningezichukua zile mbao hata hivyo. Mkulo ni mkulo. Ningetengeneza mlango wa banda, au stendi ya kuwekea mizinga ya nyuki, na mnunuzi ningemwambia zilikotoka. Kisingetoka kitu cha kumlisha mama wa mtu. Huyu alinitazama siku zote zile nikilisugua lile duara kwa msasa, nikilisifia, na akaniletea soda.

"Ingia ndani useme ukweli," nikamwambia.

"Mama atanilaani."

"Basi akulaani. Mimi sina mama wa kunibariki, nimeishi."

Akaanza kulia. Akalia kweli, mabega yakitikisika, akanishika mikono. "Naingia. Nitasema mwenyewe. Niache nipumue kidogo tu."

Nikamwamini. Mnicheke tu, nimezoea.

Tulirudi ndani. Makande yalikuwa yamepoa na hakuna aliyekuwa karibu na meza. Eliufoo akasimama katikati ya sebule, macho mekundu, akaweka mkono kifuani.

"Wazee wangu, mama yangu, naomba radhi. Kosa ni langu."

Moyo wangu ukatulia. Nikasema mwanaume ndiye huyu.

"Kosa langu," akaendelea, "ni kumwamini. Alinisumbua anatafuta mkulo. Nikamwonyesha njia ya mji wa babu, nikamwambia angalia kama kuna kitu kinakufaa. Sikukagua alichobeba. Kumbe mwenzangu alikwenda kubomoa choo."

Nilimsogelea hadi usoni.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Wewe ndiye uliyezileta! Umezishusha mwenyewe mbele ya karakana! Dakika hii hii umeniambia ulizisugua mtoni!"

"Binti, kaa chini," alisema Mzee Melkizedeki. Hakuwa na ukali. Alikuwa ananihurumia, na ilikuwa mbaya zaidi. "Tumia akili. Eliufoo amecheza kwenye mji ule tangu ana kaptula. Atakosaje kukijua choo cha babu yake? Atafika, ang'oe mbao za choo kwa mikono yake, aje ampe mama yake alie chakula? Kosa kama hili anafanya mgeni. Mtu asiyejua."

Nikawatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wanatikisa vichwa kukubaliana naye. Na mimi, kama ningekuwa nimekaa kwenye kochi lile nikisikiliza kesi ya mtu mwingine, ningetikisa kichwa vilevile. Uongo wake ulikuwa na akili kuliko ukweli wangu.

"Mgeni," alirudia mama mkwe. "Mtoto wa kambini. Huko kwenu huenda mnakula popote."

Nilichukua mkoba wangu.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Si mnanifukuza?"

"Nani kakufukuza? Kaa." Alivuta stuli, akakaa mwenyewe, akajipangia kanga magotini kama mtu anayeanza kuchambua mchele. "Wachumba wawili wamemkimbia mwanangu. Wa tatu hakimbii. Harusi ipo."

Watu wakanyanyua vichwa.

"Ipo," akasema. "Huyu ataolewa, atakaa kwenye nyumba hii hii, na meza yake itakaa hapo hapo ilipo. Akija mgeni nitamwonyesha. Nitamwambia imetoka wapi na imeletwa na nani. Na chakula chake atakula juu yake, peke yake, asubuhi na jioni. Sisi tutakula mkekani. Mkwe mwenye fedheha ya namna hii hatanipandishia sauti mpaka nakufa."

Nilisubiri mtu amkataze. Mzee Melkizedeki akavuta pumzi.

"Mama Eliufoo," alisema, "una moyo wa kusamehe."

"Amina," wakaitikia.

Naapa waliitikia amina.

"Haya, fundi," akasema mama mkwe. "Ndiyo au hapana? Nijue kama nikamchinje mbuzi au nimwache."

Hasira ilinipa akili niliyoiona nzuri wakati ule. Eliufoo ni mtu wa kinyaa. Hotelini hafuti uso kabla hajafuta kijiko. Glasi yenye alama ya kidole hainywi. Nikasema, nitambana mpaka aseme.

Nikachukua bakuli la makande ambalo mama yake aliliacha. Nikaliweka katikati, juu ya duara lenyewe la manjano. Nikachomeka kijiko.

"Nitajibu," nikasema. "Lakini anayetaka kunioa ale kwanza hapa. Amalize. Akishindwa, awaambie kwa nini ameshindwa."

Eliufoo akaliangalia bakuli. Akaniangalia mimi. Nikamtumbulia macho: sema, mwanaume, sema tu, hata sasa nitakusamehe.

Akavuta kiti. Akakaa. Akala.

Alikula kijiko cha kwanza akiwa amefumba macho. Cha pili akafumbua. Sebule nzima ilikuwa inasikiliza meno yake. Alikula hadi chini, akakwangua bakuli, akazifuta punje mbili zilizomwagikia kwenye duara kwa kidole chake, akazila na hizo. Kisha akasimama, akaniangalia machozi yakimlengalenga.

"Kwa ajili yako, Redempta," alisema.

Hakuwahi kuniita kwa jina.

Nyumba ililipuka kwa vigelegele. Salha aliweka sufuria chini ili alie vizuri. Bibi Rahabu alipapasa mpaka akampata Eliufoo mkono, akaubusu. "Mwanangu, siku zetu hatukuwa na wanaume wa hivi!" Mzee Melkizedeki alisimama, akasema amekuwa akifungisha watu ndoa na kusuluhisha ndoa maisha yake yote, lakini mapenzi kama haya hajayaona. Wale waliotapika walirudi ndani wakamkumbatia.

Nyumba nzima tulikuwa wawili tu tuliojua kwa nini amekula. Alikula ili asiseme. Lile bakuli lilikuwa rahisi kwake kulimaliza kuliko sentensi moja ya kweli mbele ya mama yake. Na sasa amekuwa shujaa, na mimi nimekuwa mwanamke aliyemlisha mtu chooni ili kumpima mapenzi.

"Umeona?" mama mkwe aliniambia. Hata yeye sauti ilikuwa imemlainika, ila si kwangu. "Mwanangu kajidhalilisha mbele ya ukoo kwa sababu yako. Ukimkataa sasa, wewe si mtu. Jibu."

Wote wakanigeukia. Mlango ulikuwa wazi. Njia ya kuteremka ilikuwa palepale na miguu yangu ilikuwa mizima. Mwanamke mwenye akili zake angetoka, akashuka Same, akafungua karakana yake kesho yake asubuhi. Najua mnavyonipigia kelele huko mlipo. Mimi mwenyewe nilijipigia.

Lakini nilifikiria jinsi atakavyoishi nikiondoka. Atalisimulia lile bakuli mpaka uzeeni. Ataoa binti wa watu mpole, na kila kitu kikimharibikia atamsukumia yeye, kwa machozi yale yale na mkono kifuani. Chuki ilinijaa mpaka nikahisi utulivu. Sijawahi kumtaka mtu kama nilivyomtaka Eliufoo dakika ile.

"Ndiyo," nikasema.

Vigelegele vikarudi. Eliufoo akanikumbatia, akanong'ona, pumzi yake ikinuka maharage: "Asante, Fundi. Sitasahau kwamba mwishowe umenyamaza."

Nilimbana vidole kwa hivi viganja vya dereva wa lori mpaka akakunja uso.

"Usinishukuru," nikamwambia sikioni, nikitabasamu ili watu waone. "Sijakubali kuwa mke wako. Nimekubali kulala karibu yako, kila siku, nikiujua ukweli."

Akajaribu kuutoa mkono wake. Sikumwachia. Nyuma yetu mama yake alikuwa ameshaanza kupanga na wazee tarehe ya harusi.